Jina Nililoliweka Akiba

Vijana wangu, mliponiaga pale ukumbini mlinipa kitenge, saa ya ukutani na daftari jipya, mkasema niandike uzoefu wangu kabla sijausahau. Saa inakwenda vizuri. Kitenge nimeshakishona. Daftari ndilo limenitesa. Nimekaa nalo wiki nzima hapa Uyole, nikaona kwamba mengi ninayoyajua mnayo tayari kwenye mafaili, tena yamepangwa vizuri kuliko yalivyotokea. Kwa hiyo nitaandika lile ambalo halimo kwenye faili lolote: jinsi tulivyokuwa tukichagua watu wa kujitolea kwenye kamati za haki za binadamu, na jinsi mtu mzima, mwanakwaya wa miaka mingi, mwenye ufunguo wa kabati la ofisi, alivyouharibu uchaguzi mmoja kwa sababu ya wivu. Mtu huyo ni mimi, Atupele, mliyekuwa mkimwita Mama Atu. Nikishatoka chumbani sijui mlikuwa mkiniitaje, wala sitauliza.

Nilianza kazi Iringa, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa karibu na soko. Mimi msichana wa Tukuyu nilikuwa nimezoea mvua. Upepo mkavu wa Iringa ulinipasua midomo kabla ya saa nne asubuhi. Aliyenipokea ni Mzee Mgaya, Mbena mwembamba mwenye sweta la kijani, aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Hakunizungusha ofisini wala kunitambulisha. Alinipa bunda la fomu za maombi lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Soma zote," akasema. "Usinichagulie mtu. Niambie tu nani kaandikiwa."

Nilisoma mpaka alasiri. Nikamwambia fomu kumi na moja zimeandikwa na mkono mmoja, kwa sababu kila herufi ya g ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoano.

"Mkono wa nani?"

"Sijui, Mzee."

"Wa mwenyekiti wa kijiji. Hao wote ni mashemeji zake. Karibu kazini."

Kwa asiyeijua kazi yetu: shirika lilikuwa likisaidia kuunda kamati za watu saba wa kujitolea. Hawana mshahara wala gari. Wanampokea aliyepigwa, aliyefukuzwa, aliyenyang'anywa. Wanaandika maelezo yake, kisha wanamsindikiza polisi, hospitali au mahakamani. Lakini watu wakisikia neno "kamati" hufikiria posho na soda, na ndiyo maana kuwachagua kulikuwa kugumu kuliko kuwafundisha. Tulibandika matangazo ofisi ya kata, msikitini, makanisani na kwenye mashine za kukoboa. Tukapokea fomu. Tukafanya usaili. Majina yaliyopita tuliyabandika siku saba ili mwenye pingamizi alilete kwa maandishi, akiwa ametia jina na saini. Barua isiyo na jina Mzee Mgaya alikuwa haisomi hata mstari wa kwanza. Aliichana vipande vinne na kuwashia jiko la mkaa la chai.

Swali lake la usaili lilikuwa moja tu, mengine aliyaacha kwa wenzake: "Mara ya mwisho ulikosana na nani?" Anayejibu kwamba hajawahi kukosana na mtu alikuwa ameshaanguka. Mzee alisema mtu wa namna hiyo ama ni mwongo ama haishi na watu, na sisi hatuna kazi ya kumpa kati ya hao wawili.

Tulizunguka naye. Mgololo, mji wa kiwanda cha karatasi, fomu zilikuja juu ya karatasi nzuri kuliko za ofisi yetu, mpaka nikaona aibu kuzipiga muhuri wetu uliochakaa. Makongolosi kwenye dhahabu, mwombaji mmoja alikuja na wapambe thelathini waliokuwa wakishangilia dirishani kila akijibu; Mzee akawasubiri watulie, kisha akawauliza wao lile swali lake. Walitawanyika mmoja mmoja. Mimi nilibeba mkoba wake, ambamo mlikuwa na muhuri, kidau cha wino, na kitabu chake cha sheria ambacho jalada lake alilishona upya kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kitabu kile nilikipenda kuliko kitu chochote ofisini. Pembeni mwa kila ukurasa alikuwa ameandika kwa wino wa bluu majina ya watu na vijiji, yaani nani sheria ile ilimsaidia na wapi. Nilijiambia kwamba siku moja kitakuwa changu. Hakuna aliyenipa ahadi hiyo. Nilijiahidi mwenyewe.

Jambo moja lilinikera kwa Mzee Mgaya. Nilipokuwa nikizungumza naye, alikuwa akiandika. Nikimweleza shauri, kalamu inakwenda. Nikitoa wazo, kalamu inakwenda, hata uso hanyanyui. Kunisifu hajawahi kunisifu. Nilikuja kuhesabu kwamba hayo ndiyo malezi ya Kibena, nikaridhika, kwa sababu kulikuwa hakuna mwingine anayesifiwa.

Nilipohamia ofisi ya Mbeya, Mzee alikuwa ameshastaafu, lakini tulimwita kila kulipokuwa na uchaguzi wa kamati. Yeye mwenyekiti wa jopo, mimi katibu, na mjumbe wa tatu Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Mbalizi ambaye babu zake walitoka pwani, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Ndivyo tulivyokuwa siku tulipokwenda kwenye kata moja ya bonde la Usangu. Sitaitaja kata hiyo, maana haikuwa na kosa lolote.

Siku ya pili ya usaili, karibu na saa sita, aliingia Milembe. Msukuma, umri kama wangu, wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka kaskazini yeye akiwa mgongoni. Alikuwa na viatu vya plastiki vyenye tope la mferejini. Fomu yake ilikuwa imejazwa kwa penseli, herufi kubwa tupu, kama tangazo la msiba.

"Shikamooni wazee wangu," akasema, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Marahaba," akasema Mzee. "Mama Milembe, mara ya mwisho ulikosana na nani?"

"Na kaka yangu."

"Kisa?"

"Ng'ombe wake waliingia kwenye jaruba la mama mmoja Msangu, mjane. Mpunga ulishatoa masuke. Wakaumaliza. Kijiji kikaita baraza, wafugaji wote wakasema hawakuona. Mimi niliona, nilikuwa nachota maji mferejini."

"Ukafanyaje?"

"Nikasimama nikasema ng'ombe ni wa kwetu, na mchungaji alikuwa amelala."

"Kaka yako akasemaje?"

"Hajasema mpaka leo, mzee. Masika ya tatu sasa. Nikienda kwake ananigeuzia kiti."

"Unajuta?"

Akafikiri kwanza. "Nasikitika," akasema. "Kujuta, hapana."

Mzee Mgaya akaweka kalamu mezani. Aliiweka chini kabisa, akaifunga na kifuniko chake, akaegemea mbele kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari kwenye redio mbovu. Aliendelea kumuuliza, naye akaendelea kujibu, muda wa mwombaji ukapita, wa mwombaji aliyefuata nao ukapita. Mara mbili Mzee alicheka. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kuiona kalamu ile imelala kwa ajili ya mtu. Zamu yangu ilipofika nikauliza, kwa sauti yangu ya semina:

"Mama, unaweza kututajia ibara za katiba zinazohusu haki ya kumiliki mali?"

Sikuwa nimemuuliza hivyo mwombaji mwingine yeyote.

"Siwezi, dada," akasema Milembe bila kuona haya. "Lakini nikifundishwa nitaweza."

Bi Zuhura aligeuka akanitazama, kisha akarudisha macho kwenye karatasi yake.

Mchana tulikula kwa mama lishe nyuma ya ofisi ya kata. Mzee hakugusa chakula mpaka aseme. "Yule mwanamke, Atu. Nimezunguka nyanda hizi zote nikimtafuta mtu wa namna ile."

Mimi nilikuwa nimekaa upande wake wa kulia, mkoba wake miguuni pangu.

"Mwandiko wake mbaya," nikasema.

"Mwandiko hufundishwa, mwanangu," akasema Bi Zuhura, akachambua mwiba wa samaki.

Kwenye karatasi yangu nilimpa Milembe alama mbili upande wa kuandika na mbili upande wa uelewa. Hata hivyo alipita. Mzee na Bi Zuhura walimpa alama nyingi mno, zangu hazikuweza kumzamisha. Jina lake likabandikwa pamoja na majina ya wenzake sita, na Mzee akarudi Iringa. Siku tatu baadaye akalazwa kwa upasuaji. Alinipigia simu kutoka wodini, sauti kama ya mtu aliye ndani ya mtungi: "Malizia, Atu. Faili liko kwako, mimi sina wasiwasi."

Siku ya sita ya pingamizi ilikuja barua. Iliandikwa kwa kalamu nyekundu, ikasema Milembe ni mhamiaji, ni mchongezi, amemsaliti ndugu yake wa damu, na hafai kuaminiwa siri za watu. Haikuwa na jina wala saini. Jiko la chai lilikuwa linawaka hatua mbili kutoka nilipokaa. Nililitazama. Kisha nikatoboa barua ile matundu mawili, nikaiingiza kwenye faili, na kwenye taarifa nikaandika kwa mashine: "Pingamizi limepokelewa dhidi ya mwombaji namba nne." Sentensi ile kila neno lake lilikuwa kweli. Nimejifunza tangu siku hiyo kuziogopa sentensi za aina hiyo.

Bi Zuhura alipokuja kusaini aliuliza, "Barua yenyewe ina mwenyewe?"

"Ofisi imeshaipitia," nikamjibu.

Alikuwa na mzigo wa vitenge unamsubiri stendi. Akasaini. Milembe akashushwa kwenye orodha ya akiba, na nafasi yake akapewa mwalimu mstaafu, Mwalimu Kyando, mtu mpole, mwaminifu, mwenye mwandiko uliosimama kama askari kwenye gwaride. Nilimpigia simu Milembe mwenyewe. Nilitaka kuisikia sauti yake ikianguka. Haikuanguka. "Haya dada, asanteni kwa kuniita," akasema. Nyuma yake nilisikia ndege wa mpunga wakifukuzwa kwa debe.

Mzee, kutoka kitandani, aliuliza mara moja tu kilichompata yule mama. Nikamwambia kulikuwa na pingamizi. Akasema, "Pole yake." Aliniamini, na mimi nililala usingizi mzuri kabisa. Mnaosema kwamba dhamira humnyima mtu usingizi, sijui mlikuwa mnamsema nani.

Kamati ilianza. Taarifa yao ya kwanza ilikuja safi, na mimi nilimsifu Mwalimu Kyando mbele ya wenzake kwa mwandiko. Ukurasa wa tatu kulikuwa na shauri la mjane aitwaye Kabula. Lilikuwa na mistari minne, na wa mwisho ulisema: "Mlalamikaji ameridhika. Shauri limefungwa." Chini kulikuwa na dole gumba.

Wiki kadhaa baada ya hapo, asubuhi saa tatu, nilimwona Milembe dirishani. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na mwanamke kijana aliyejifunika kanga mpaka puani. Nikajua amekuja kudai nafasi yake. Nikamwambia dada wa mapokezi awaambie wasubiri, nina kikao. Sikuwa na kikao. Nilipanga vibanio vya karatasi kwa ukubwa. Nilichonga penseli ambazo hakuna aliyekuwa akizitumia. Kila nikichungulia, Milembe alikuwa amekaa vilevile, mgongo wima, hakasiriki, na kutokukasirika kwake kukanizidishia. Niliwaita saa saba.

"Dada, sijaja kwa ajili ya nafasi," akasema kabla hajakaa. "Ile ilishapita. Nimekuletea mtu."

Mtu huyo alikuwa Kabula. Aliletwa na ndoa kutoka kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Mumewe alipofariki, shemeji yake aliichukua nyumba na majaruba, akawahamishia kwake watoto wawili, akamwambia arithiwe au aondoke. Kabula alikwenda kwenye kamati. Shemeji akamfuata, akisema anamsindikiza mfiwa. Mwalimu Kyando hakujua Kisukuma, akashukuru amepata mkalimani. Kabula alieleza yote, akalia, akaomba watoto wake. Shemeji akatafsiri: anasema amekubali kurudi kwao, anaushukuru ukoo kwa matunzo. Mwalimu akaandika vizuri sana. Kabula akaambiwa aweke dole, akaweka, akidhani anaomba watoto.

"Amelala kwenye stoo ya mashine ya mpunga miezi miwili," akasema Milembe. "Nilipeleka gunia kukoboa, nikasikia mtu nyuma ya magunia anaongea peke yake Kisukuma. Anawaita watoto majina."

Kabula alikuwa anaitazama taarifa ya Mwalimu mezani pangu, ukurasa ule mzuri. Hakujua kama ni wenyewe. Mimi nilijua. Nilijua pia kwamba kama kwenye chumba kile cha kamati angekuwemo yule mwanamke wa viatu vya plastiki, shemeji asingefika hata sentensi ya pili. Na mwaka ule mbegu zilikuwa zimeshamwagwa. Kabula alikuwa amekosa msimu.

Kesho yake nilipanda basi la Iringa na faili mapajani. Mzee Mgaya alikuwa kwake, ameshapona nusu, anachambua maharage barazani na sweta lilelile. Tukasalimiana, kamwene, kamwene. Nikampa faili. Akafika kwenye barua nyekundu, akaigeuza nyuma kutafuta jina, akaigeuza mbele tena.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo."

"Nani kaiweka humu?"

"Mimi, Mzee."

"Kanuni ulikuwa umeisahau?"

"Naijua. Ni wewe uliyenifundisha."

Akasubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri, kazi ya ukarani ilimpa hilo. Nikatafuta sababu yenye heshima kidogo, nikaikosa.

"Uliweka kalamu chini," nikasema.

"Kalamu gani?"

"Siku ya usaili. Alipokuwa anaongea. Kwangu hujawahi."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa hakukasirika, na ningeshukuru kama angekasirika. Alionekana amechoka tu.

"Atu," akasema, "niliweka kalamu chini kwa sababu mama yule alikuwa ananieleza habari zake. Wewe ulikuwa unaniambia mambo ya kuandika."

Maharage yalikuwa yanadondoka kwenye beseni. Miaka yote nilikuwa nimekaa mbele ya sifa nikidhani ni dharau.

"Faili utalinyoosha wewe," akasema baadaye. "Bi Zuhura utamwambia wewe. Na mama yule utamwambia wewe. Mimi sitamwambia, si kazi yangu."

Faili nililinyoosha. Bi Zuhura nilimwambia dukani kwake Mbalizi, akanisikiliza mpaka mwisho huku anapima kitambaa, akasema, "Saini yangu uliitumia kama kanga, mwanangu, kujifunikia." Tangu hapo alikuwa anasoma kila karatasi, hata za mahudhurio. Mwalimu Kyando aliomba mwenyewe kupumzika. Aliumia sana mzee yule, na kosa halikuwa lake. Milembe akaingia kwenye kamati. Lakini yeye nilimwambia kwamba "taratibu zimepitiwa upya". Nilisema nitamwambia ukweli wiki ijayo.

Shauri la Kabula lilikwenda mahakamani, Milembe akiwa pembeni yake kila siku ya kuitwa. Nyumba ilirudi, majaruba yakarudi, watoto wakarudi. Mdogo alirudi akimwita mke wa shemeji "mama", na kwa muda mrefu alikuwa akilia kila jioni akitaka kurudishwa "nyumbani". Hilo halikuandikwa kwenye hukumu.

Baada ya hapo ndipo nilipojua wivu ni nini. Wa kwanza ulikuwa rasharasha. Milembe alijifunza sheria kama watu wanavyojifunza njia ya kwenda shambani, kwa kuipita kila siku. Maelezo aliyoandika yalikuwa mafupi, bila neno la kupamba, na mahakimu walianza kuuliza kama shauri limeandikwa na yule mama wa Usangu. Nikiandaa semina, na picha ukutani, na vikundi vya majadiliano, wakati wa chai vijana walimzunguka yeye. Ninyi wengine mlikuwemo, msijifanye mmesahau. Nilikuwa nasimama na kikombe changu karibu na chupa ya chai nikijifanya naangalia simu.

Mzee Mgaya alitujia kwa mara ya mwisho kwenye mafunzo ya kamati mpya. Alitoa mkobani kile kitabu chenye jalada la mpira, akampa Milembe mbele ya watu wote. Nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Milembe akakipokea kwa mikono miwili, akageuka akasema: "Nashukuru pia mwalimu wangu, Dada Atu, aliyenitoa akiba." Watu wakanipigia makofi na mimi. Sijawahi kupewa kitu kizito kama makofi yale. Mzee alikuwa ananitazama juu ya miwani, anasubiri. Nikainama, nikashukuru, nikakaa. Bahasha za watu wengine alizozipitisha kwangu kutoka Iringa miaka iliyobaki ya uhai wake zilikuwa zimezibwa kwa gundi, na juu ya gundi utepe. Zamani alikuwa ananiletea wazi.

Tulimzika kwao, kwenye mvua. Milembe alisoma wasifu. Hata pale, mbele ya jeneza la mtu niliyempenda kama baba, sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inahesabu nani kapewa kusoma.

Wiki ijayo niliyoisema ilikuja kuwa miaka. Kila mara kulikuwa na sababu nzuri. Mtasema niliogopa kupoteza kazi. Hapana. Niliogopa kwamba angenisamehe vizuri, kwa ule utulivu wake, na mimi ningebaki nimeshindwa hata hapo.

Mliponiaga siku ile ukumbini, Milembe alikuja na mfuko wa mchele mpya. Jumatatu iliyofuata, siku ya kwanza ambayo sikuwa na ofisi ya kwenda, nilipanda gari nikaenda kwake. Alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai. Nilimwambia nikiwa nimesimama juani, bila kukaribishwa kiti, maana nilijua nikikaa nitakunywa chai na kuondoka. Nilimwambia barua, matundu mawili, jiko la chai, kalamu ya Mzee, benchi.

Milembe akacheka kwanza. "Wivu? Kwangu mimi? Na penseli yangu?" Kisha kicheko kikakauka. Aliendelea kutandaza mpunga kwa mguu, mstari baada ya mstari.

"Nafasi ilikuwa yangu, nikaikosa, nikaipata," akasema. "La kwangu limekwisha, dada. Lakini Kabula alilala nyuma ya magunia. Hilo mimi siwezi kukusamehea. Si langu."

"Nifanyeje?"

"Twende."

Kwa Kabula hapakuwa mbali. Njiani kila aliyetukuta alimsalimia Milembe kwa jina, na mimi nikasalimiwa kama mzigo wake. Nikahesabu. Sikuweza kujizuia. Kabula sasa ni mama mtu mzima, ana nyumba ya bati; tulimkuta uani anapepeta. Tukasalimiana Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka. Alikuwa hanikumbuki.

Nilikuwa nimeandaa maneno yangu njiani. Nilisema kwamba wakati wa uteuzi wa kamati kulitokea mapungufu katika utaratibu, ambayo kwa upande wangu nilichangia, na ambayo yalisababisha shauri lake lisishughulikiwe ipasavyo. Milembe akatafsiri. Kabula alisikiliza, ungo umetulia mikononi, kisha akajibu Kisukuma, maneno mengi.

"Anasema siku ile shemeji alimsemea," akasema Milembe. "Hataki tena mtu kusemewa. Anasema Kiswahili chake sasa kipo. Useme mwenyewe, polepole, unamtazama."

Milembe akasogea pembeni, akatuachia ua.

Nikamtazama Kabula. "Nilimwonea wivu huyu," nikasema. "Nikamtoa kwenye kamati. Wewe ulipokuja, hakuwepo mtu wa kukusikia. Ni mimi niliyemtoa."

"Wivu," akasema Kabula, kama anaonja chumvi.

"Wivu."

"Naujua," akasema. "Mtoto wangu alimwita mwanamke mwingine mama. Naujua."

Akapeperusha makapi mara moja, mara mbili. Kisha akaweka ungo chini, akavuta kigoda, akakipangusa kwa ncha ya kanga.

"Kaa," akasema. "Hujamaliza."

Nikakaa, nikaanza tena tangu mwanzo.